Mazungumzo na Bwana Shamba: Ubao Huu Umekauka?



Mwezi huu nimepata barua kutoka kwa kikundi cha maseremala wa kijiji kimoja cha kanda ya kati. Wameomba nisitaje jina la kijiji chao. Sitalitaja.

Wanaandika hivi. Kamati ya shule imewapa kazi ya kutengeneza madawati 40 na milango 6. Kila kaya imechanga. Mfanyabiashara ameleta mbao za msindano kutoka Mufindi. Anasema mbao hizo ni kavu. Amekwisha kulipwa nusu ya fedha. Nusu nyingine anaidai sasa.

Fundi mkuu wa kikundi ni mzee aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake. Aliuinua ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasema, "Huu umekauka." Lakini katika kikundi yupo kijana mwenye kipimo kidogo cha mkononi. Alikinunua mjini. Kina sindano mbili za chuma na kioo cha namba. Kijana akachoma ubao ule ule. Kipimo kikaonyesha 24. Mzee akakasirika. Kijana akanyamaza, maana huwezi kubishana na mzee mbele ya watu.

Sasa wanauliza: tumwamini mzee au tukiamini kipimo? Na hiyo 24 ni 24 ya nini?

Mimi kazi yangu ni ya shamba. Huenda mtasema, bwana shamba ana habari gani na randa na msumeno? Lakini mkulima anayajua mambo haya. Mahindi mabichi hayawekwi ghalani. Yakiwekwa yataota ukungu. Ni lazima yakauke mpaka kiasi cha asilimia 13 hivi ya maji. Ubao nao ni zao la shamba, ila shamba lake ni msitu. Nao una maji ndani.

MAJI YAMEKAA WAPI?

Tazama kipande cha mti kilichokatwa leo. Kwa macho ni kitu kigumu, kimejaa. Lakini kwa hakika kimejengwa kwa mirija midogo sana, mingi sana, iliyolala pamoja kama fungu la majani ya kuezekea. Macho hayaioni. Mti ulio hai hupitisha maji katika mirija hiyo, kutoka mizizini kwenda kwenye majani.

Maji hukaa mahali pawili. Kwanza, hukaa katika uwazi wa mirija, kama maji ndani ya ndoo. Pili, hukaa ndani ya kuta za mirija yenyewe, kama maji ndani ya nguo iliyoloa.

Ubao unapoanza kukauka, maji ya kwenye uwazi ndiyo hutoka kwanza. Ubao huwa mwepesi. Lakini haupungui upana. Ndoo ukiimwaga maji haiwi ndogo.

Maji hayo yakiisha, kuta bado zimeloa. Hapo ubao una unyevu wa asilimia 28 au 30 hivi. Kutoka hapo kwenda chini, maji yanayotoka ni yale ya ndani ya kuta. Kuta zinasinyaa. Basi ubao mzima unasinyaa.

Hapa ndipo palipo shida yote ya seremala. Mtu hununua ubao, anauona umekuwa mwepesi, anafurahi. Kumbe wepesi ule ni wa maji ya ndoo. Kusinyaa bado hakujaanza, au ndiyo kwanza kumeanza.

Tena ubao hausinyai sawasawa kila upande. Kwa urefu hausinyai karibu hata kidogo. Ubao wa futi 12 utabaki futi 12. Kwa upana ndiko kuna hatari. Ukitazama kichwa cha gogo utaona duara nyingi, moja ndani ya nyingine. Kufuata duara hizo, mti husinyaa kiasi cha mara mbili kuliko kutoka kwenye moyo wa gogo kwenda kwenye gome. Ndiyo sababu ubao hupinda ukawa kama kigae cha paa. Ndiyo sababu nguzo uliyoipasua mraba hupoteza mraba wake.

Tufanye hesabu ya mlango. Ubao wa msindano wa inchi 8 una upana wa milimita 200. Tuseme umetengeneza mlango ubao ukiwa na asilimia 24. Baadaye umekauka mpaka 12. Ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara unaweza kupungua milimita 5 au 6. Mlango wako una mbao 4. Milimita 5 mara 4 ni milimita 20. Nyoka atapita hapo bila kubisha hodi.

Dawati nalo lina mambo yake. Ulimi wa ubao unaoingia kwenye tundu husinyaa, unaanza kucheza. Msumari uliopigwa kwenye ubao mbichi hulegea. Gundi haishiki vizuri penye maji. Mbao za kukalia huachana, na mtoto akijisogeza zinambana nyama ya paja. Watoto wanne wakikaa kwenye dawati la namna hiyo, halimalizi mwaka. Halafu wazazi wanaambiwa wachange tena.

Na ubao ukikaa muda mrefu ukiwa na zaidi ya asilimia 20, kuvu wanapata chakula. Kwanza ubao huota madoa ya rangi ya buluu, hasa msindano. Madoa hayo yanachafua tu. Lakini kuvu wengine hula ubao wenyewe mpaka ukamomonyoka. Chini ya asilimia 20 kuvu hao hawapati maji ya kuwatosha. Mchwa ni habari nyingine. Mchwa wa ardhini huja na maji yake, hajali ubao wako ni mkavu au mbichi.

ASILIMIA 24 YA NINI?

Hesabu hii huwachanganya hata watu wa mjini. Isome polepole.

Unyevu wa ubao ni uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti mkavu. Si uzito wa ubao wote. Ni wa mti peke yake, baada ya maji yote kutoka.

Chukua kipande cha ubao. Kipime kwenye mizani. Tuseme ni gramu 360. Kikaushe kabisa mpaka kisipungue tena. Kipime tena. Tuseme sasa ni gramu 300. Maji yaliyotoka ni gramu 60. Gawa 60 kwa 300, zidisha kwa 100. Unapata 20. Ubao ule ulikuwa na unyevu wa asilimia 20.

Kwa hesabu hii unyevu unaweza kupita 100. Kipande cha msindano kilichokatwa leo kinaweza kuwa na gramu 500, na kikikauka kikabaki gramu 200. Maji ni gramu 300. Gawa 300 kwa 200, zidisha kwa 100. Ni asilimia 150. Msishangae. Maana yake maji ni mengi kuliko mti.

Mahindi hatuyahesabu hivyo. Kwa mahindi tunalinganisha maji na uzito wote, mahindi pamoja na maji yake. Basi asilimia 13 ya mahindi na asilimia 13 ya ubao si kitu kimoja. Kipimo cha nafaka kisitumike kwenye mbao.

Njia hii ya mizani na kukausha ndiyo mama wa vipimo vyote. Wataalamu hukausha kipande kwa joto la nyuzi 103 za Sentigredi, kwa kawaida usiku na mchana. Joto hilo linatosha kutoa maji, lakini mti hauungui. Ubaya wa njia hii ni kwamba unakata ubao, na jibu unalipata kesho. Mfanyabiashara hatasubiri mpaka kesho.

KIPIMO CHA SINDANO

Mti mkavu haupitishi umeme kwa urahisi. Mti wenye maji huupitisha. Kadiri maji yanavyozidi, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Tofauti ni kubwa mno. Kati ya ubao wa asilimia 7 na ubao wa asilimia 25, urahisi wa kupita umeme huongezeka maelfu ya mara. Mwaka 1927 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alfred Stamm, wa maabara ya serikali ya mazao ya misitu huko Madison, aliandika jinsi ya kutumia jambo hili kupima unyevu wa mti. Vipimo vya sindano vinatumia jambo hilo mpaka leo.

Sindano mbili zinaingia kwenye ubao. Betri inasukuma umeme kidogo sana kutoka sindano hii kwenda ile. Kifaa kinaangalia umeme umepita kwa shida kiasi gani. Kisha kinageuza shida hiyo kuwa namba ya asilimia. Umeme huo haumdhuru mtu.

Basi kipimo hakiyaoni maji. Kinauona umeme. Lo lote linalobadili njia ya umeme litabadili namba. Mwenye kipimo ni lazima ayajue mambo hayo, ama sivyo kipimo kitamdanganya naye atawadanganya wenzake.

Kipimo cha sindano husema kweli zaidi kati ya asilimia 6 au 7 na 28 au 30. Juu ya hapo namba ni ya kukisia tu. Kikionyesha 45, wewe soma "ni mbichi sana", basi.

Joto linakidanganya. Ubao wa moto hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo kipimo kinaonyesha unyevu mwingi kuliko uliopo. Vipimo vingi vimetengenezwa kwa ubao wa nyuzi 20. Kwetu sisi ubao ulioachwa juani unaweza kufika nyuzi 40. Kwa kila nyuzi 10 zilizozidi 20, toa kiasi cha 1, au 1 na nusu, kwenye namba uliyosoma. Lililo bora ni kupima asubuhi, kivulini.

Aina ya mti nayo ina neno. Vipimo vingi vinatengenezwa nchi za mbali, na vimewekwa kwa miti ya huko. Vingine vina orodha ya miti ya kuchagua. Utatafuta mninga na mvule humo usivione. Hapo msikate tamaa. Pimeni vipande vichache kwa kipimo, kisha mvipime kwa mizani na kuvikausha. Mkiona kipimo kinasema 15 na mizani inasema 13, andikeni kwenye daftari: mninga, toa 2. Shule ya sekondari yenye maabara na jiko la kukaushia yaweza kuwasaidia. Nendeni na barua ya mwenyekiti wa kijiji mwombe kwa mwalimu wa sayansi. Walimu hupenda kazi kama hii, na wanafunzi watajifunza hesabu ya asilimia kwa kitu cha kweli.

Chumvi inakidanganya sana. Mbao zilizotiwa dawa ya chumvi za madini ili zisiliwe na mchwa, kama zile za rangi ya kijani, huonyesha namba kubwa kuliko kweli. Mbao zilizoloa maji ya bahari ni hivyo hivyo. Ndugu zetu wa pwani wanaopima boriti za mikoko au mbao za jahazi la zamani wasikiamini kipimo cha sindano.

Viko pia vipimo visivyo na sindano. Hivyo unavilaza juu ya ubao, navyo vinahisi ndani bila kutoboa. Ni vizuri kwa kabati lililokwisha pakwa rangi, maana haviachi matundu. Lakini vinataka ubao uliopigwa randa, na ni lazima uviambie kama mti ni mzito au mwepesi. Ukikipima chuma kilicho chini ya ubao bila kujua, kitakupa namba ya ajabu. Kwa kazi ya kijijini, kwa mbao zenye manyoya ya msumeno, mimi napenda cha sindano.

JINSI YA KUCHOMA

Usipime kwenye kichwa cha ubao. Vichwa hukauka kwanza. Ingia ndani kiasi cha nusu mita kutoka kichwani. Kaa mbali na fundo, ufa, gome na msumari.

Sindano ziingie mpaka robo ya unene wa ubao, au pungufu kidogo. Ubao wa inchi 1 una milimita 25, basi sindano ziingie milimita 5 au 6. Ubao wa inchi 2 unataka milimita 10 hadi 12. Vipimo vya bei nafuu vina sindano fupi. Hivyo vinasoma ngozi tu ya ubao mnene. Dawa yake ni hii: kata ubao mmoja katikati kwa msumeno, halafu choma pale pale kwenye moyo wa sehemu iliyokatwa, mara moja, kabla upepo haujapakausha. Mfanyabiashara akikataa kukatiwa ubao mmoja kati ya mbao mia, jiulize kwa nini.

Ukipima ubao ulionyeshewa leo, namba itakuwa ya maji ya mvua. Ngoja uso ukauke.

Karatasi inayokuja na kipimo inaeleza sindano zifuate nyuzi za mti au zizikate. Ifuateni. Kama imeandikwa kwa lugha msiyoijua, mtafuteni mtu wa kuwasomea.

Na msipime ubao mmoja mkasema mmepima zote. Katika mbao 100, chagueni 10: za juu, za katikati, na za chini ya rundo. Za chini hasa, maana mfanyabiashara huziweka nzuri juu. Kila ubao mchome mara 3. Andikeni namba zote kwenye daftari.

MZEE NA KIJANA

Turudi kwenye barua.

Mzee hakukosea kugonga. Ubao mbichi ukigongwa hutoa sauti nzito, kama kugonga ndizi. Ubao mkavu hulia. Sikio la fundi wa miaka mingi hutambua hayo, na mkono wake hutambua uzito. Lakini sikio halitofautishi 24 na 14. Ubao wa 24 maji yake ya ndoo yamekwisha toka. Ni mwepesi, na unalia. Mzee alisikia sawa: ubao ule si mbichi. Lakini bado haujafika kwenye useremala.

Je, 24 ni kweli? Barua inasema walipima saa 8 mchana, ubao ukiwa juani. Hapo joto limeongeza namba. Tuseme ubao ulikuwa na nyuzi 40. Tutoe 2 au 3. Inabaki 21 au 22. Lakini barua inasema pia kwamba sindano za kipimo ni fupi, zimeingia kidogo tu, na mbao nyingine ni za inchi 2. Jua linakausha uso kwanza. Ndani kuna maji zaidi ya yale ya usoni. Basi joto limeipandisha namba, na ufupi wa sindano umeishusha. Kwa maoni yangu, moyo wa mbao zile hauko chini ya 22, na za inchi 2 huenda zimezidi 24.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mbao hizo hazijakauka za kutosha kwa madawati wala milango. Kijana asiseme nimempa ushindi. Kama asingepima juani tungepata namba iliyo safi zaidi.

MBAO ZIKAUKE MPAKA WAPI?

Ubao haukauki mpaka sifuri. Hukauka mpaka unalingana na hewa ya mahali ulipo, kisha husimama. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ubao hunywa maji tena na kutanuka. Ndiyo maana mlango wa mvuleni hukwama, na wakati wa kiangazi hufunguka wenyewe.

Pwani, Tanga au Dar es Salaam, hewa ni nzito. Ubao uliowekwa ndani ya nyumba husimama karibu na 14 au 15. Kanda ya kati wakati wa kiangazi, unaweza kushuka karibu na 10, au chini kidogo. Basi ubao uliokauka vizuri kabisa Tanga, ukiupeleka Dodoma, utasinyaa tena. Fundi wa Tanga hakufanya udanganyifu. Hewa imebadilika.

Mtajuaje namba ya kijiji chenu? Ipo njia rahisi, nami naiona ni bora kuliko vitabu. Nendeni na kipimo chenu kwenye darasa la zamani. Tafuteni dawati la msindano ambalo limekaa humo miaka mingi. Lipimeni mahali palipofichika. Namba itakayotoka ndiyo namba ya kijiji chenu kwa majira haya. Mkipata 11, basi mbao zenu zifike 11 au 12. Na kama kipimo kina kasoro yake, kasoro hiyo imo kote kuwili, kwa dawati la zamani na kwa ubao mpya, kwa hiyo haiwapotezi.

KUPANGA MBAO

Sasa mbao zimerundikwa moja juu ya nyingine nyuma ya ofisi ya kijiji. Hivyo hazitakauka. Zitaota ukungu katikati. Zipangeni leo, msingoje kikao.

Chagueni mahali penye upepo. Wekeni magogo au matofali ya kuinua mbao, kiasi cha sentimita 40 kutoka ardhini. Vichwa vya magogo hayo viwe sawasawa, msawazishe kwa kamba. Panga mbao safu ya kwanza, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Juu yake weka vijiti vikavu vyenye unene wa inchi 1, vyote vya unene mmoja. Umbali kutoka kijiti hadi kijiti usizidi sentimita 60. Kisha safu ya pili, kisha vijiti tena.

Kijiti kikae juu ya kijiti, kutoka chini mpaka juu, kama nguzo iliyosimama. Nimeona rundo lililopangwa vijiti ovyo, kila safu mahali pake. Mbao zake zilipinda kama mawimbi. Hakuna randa ya kunyoosha ubao kama ule.

Pakeni vichwa vya mbao rangi au lami, ili maji yasitoke kwa kasi mwishoni yakapasua ubao. Juu kabisa wekeni mawe mazito. Ezekeni kwa bati au nyasi. Pande ziwe wazi. Jua kali lisipige mbao moja kwa moja. Anayekausha ni upepo.

Mbao za msindano za inchi 1, kutoka asilimia 22 hivi, katika kiangazi chenu, zitahitaji wiki kadhaa. Za inchi 2 zitahitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Barua yenu imeandikwa Septemba. Shule inafunguliwa Januari. Mvua kwenu huanza Desemba. Mkizipanga sasa, mbao za inchi 1 zitawahi kabla ya mvua. Anzeni na madawati, kwa mbao za inchi 1. Milango yenye fremu za inchi 2 iwe ya mwisho, hata kama mwalimu mkuu ataisubiri kidogo.

Muda huu ni wa msindano. Mkaratusi una hila, hupasuka na kujikunja ukikaushwa haraka. Mninga ni mti mpole, husinyaa kidogo sana, na ndiyo maana mafundi wanaugombania. Mpingo huchukua miaka.

UBAO SHAHIDI

Kuna wasomaji wasio na kipimo, na hawatakipata karibuni. Nao wasijione wameachwa.

Chagueni ubao mmoja kutoka kwenye rundo. Ukateni kipande cha mita 1, kisiwe kile cha kichwani. Pakeni rangi vichwa vyake viwili. Huyu ndiye ubao shahidi. Mrudisheni katikati ya rundo, mahali ambapo anatoka kwa urahisi. Kila Jumatatu mtoeni, mkampime kwenye mizani ya duka. Andikeni uzito. Mrudisheni.

Wiki za kwanza uzito utashuka. Utazidi kushuka polepole. Ukiona Jumatatu tatu mfululizo uzito ni ule ule, shahidi amelingana na hewa. Rundo lote liko karibu hapo, kama mbao zina unene mmoja. Kama mna mbao za inchi 1 na za inchi 2, wekeni mashahidi wawili. Mizani iwe ile ile siku zote, na iwe inayoonyesha gramu. Ile ya kupimia magunia haifai.

Shahidi wa wakati wa mvua naye husimama, lakini husimama juu. Atakuwa amelingana na hewa ya mvua. Kwa hiyo andikeni na majira.

NUSU YA FEDHA

Jambo la mwisho ni la fedha, nalo ndilo lililowafanya mniandikie.

Mfanyabiashara anadai nusu iliyobaki kwa mbao kavu. Mbao hazijakauka. Msimwite mwizi. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo, na hana kipimo. Kamati ya shule imwite, mzee fundi awepo, kijana awepo. Pimeni mbao 10 mbele yake, asubuhi, kivulini. Mwacheni achome kwa mkono wake mwenyewe. Mkate ubao mmoja wa inchi 2 mchome moyo. Kisha mwafikiane: ama apunguze bei iwe ya mbao zisizokauka, nanyi mtazikausha wenyewe, ama angoje nusu yake mpaka zikauke. Mbao zitakazopinda au kupasuka zitakuwa juu ya nani? Hilo nalo liandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi.

Safari nyingine andikeni kabla ya kulipa hata senti: aina ya mti, unene, na unyevu usiozidi asilimia fulani, utakaopimwa siku ya kupokea. Neno "kavu" peke yake lisiandikwe. Kavu ya mnunuzi na kavu ya muuzaji hazijawahi kuwa moja.

Kijana mwenye kipimo afute sindano kwa kitambaa kila akimaliza, na azifunike. Akikaa muda mrefu bila kukitumia, atoe betri, maana betri huvuja na kuharibu kifaa. Baadhi ya vipimo huja na kipande kidogo cha kujaribia ili kuona kama bado vinasema kweli. Kama chake kinacho, asikipoteze.

Kikundi kiniandikie tena Novemba. Nataka kujua dawati la zamani limeonyesha namba gani, na shahidi amefika uzito gani. Nitaziandika hapa, ili maseremala wa vijiji vingine walinganishe na zao.